Video, slaidi zenye sauti, simulesheni au kipindi cha mubashara: uchague lipi kwa somo la mtandaoni?

Walimu wenzangu hapa Mwanza, hasa wa sayansi, huniuliza swali moja: "Nataka kuandaa somo la mtandaoni. Nianze na video?" Kwa kawaida huwajibu kwamba pengine hapana. Ila jibu fupi namna hiyo halimsaidii mtu mwenye simu mkononi, somo kichwani na wikiendi moja tu ya kufanya kazi. Kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu, nikitumia somo moja nililoliandaa kwa njia zote nne, nikaona kila njia inabeba nini na inaangusha nini.

Somo lenyewe ni kuelea na kuzama, fizikia ya sekondari ya chini. Nililichagua kwa sababu mtoto wa Mwanza hahitaji kuelezwa chombo cha majini ni nini. Kivuko cha Kamanga anakiona kikiondoka na malori mgongoni. Mitumbwi ya dagaa anaiona Mwaloni Kirumba. Asichokijua ni sababu: kwa nini msumari wa gramu chache unazama papo hapo, na chombo cha chuma chenye mamia ya tani kinaelea na watu juu yake?

Anasomea wapi huyu mwanafunzi?

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020, wengi wetu tuliingia kwenye ufundishaji wa mbali bila kujiandaa. Tulituma tulichokuwa nacho: picha za daftari, PDF za kurasa nyingi, video za nusu saa. Kidato cha sita walirudi Juni 1 na wengine Juni 29, na wanafunzi wangu waliporudi ndipo nilipojua vitu vile vilipokelewaje. Wengi wao hawakuwa na simu zao. Walitumia ya mama, na mama anarudi kutoka sokoni saa moja jioni. Bando ni la siku hiyo hiyo. Kioo cha simu kina nyufa, na pembeni wapo wadogo zao wanaotaka kuangalia katuni.

Picha hiyo ndiyo ninayoiweka mbele yangu kila ninapoandaa somo, na njia zote nne hapa chini nimezipima kwa simu ya mama saa moja jioni.

Kipimo kingine nilikipata kwa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye kwa miongo kadhaa amechunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja. Hoja yake ya msingi inaeleweka kirahisi. Habari huingia akilini kwa njia mbili, macho na masikio, na kila njia hubeba kidogo tu kwa wakati mmoja. Somo zuri huzigawia kazi njia hizo mbili: picha kwa macho, maelezo kwa masikio. Somo baya huirundikia njia moja kila kitu, au hujaza zote mbili mapambo ambayo mwanafunzi hayahitaji.

Video na slaidi zenye sauti

Nilianza na video, kama wengi wanavyoanza. Nilikwenda Kamanga, nikarekodi kivuko kikipakia, kisha nikasimama mbele ya kamera nikaeleza kanuni ya Archimedes: maji hukisukuma juu kitu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa na kitu hicho. Ilitoka ya dakika kumi na kitu, na niliipenda kweli.

Tatizo la kwanza ni ukubwa. Video yenye ubora wa 720p na kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde hula takribani MB 110 kwa dakika 10. Kwa darasa la wanafunzi 60, hiyo ni zaidi ya GB 6 ambazo wazazi 60 wanalipia. Unaweza kuishusha hadi 360p ikabaki MB 35 hadi 40, lakini hapo maandishi niliyokuwa nimeyaandika ubaoni hayasomeki tena kwenye kioo kidogo.

Tatizo la pili ni urefu. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchambuzi wa vipindi milioni 6.9 vya watu kutazama video za masomo za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Waliona kwamba kwa kawaida mtazamaji hazidishi dakika 6 hivi, hata video iwe ndefu kiasi gani. Na hao walikuwa watu waliojiandikisha wenyewe, wengi wao watu wazima. Mtoto wa miaka 14 mwenye simu ya kuazima hawezi kuwashinda.

Tatizo la tatu, ambalo sikulitegemea, ni gharama ya kosa. Katikati ya video nilisema "uzito" pale nilipotakiwa kusema "tungamo". Kwa mwalimu wa fizikia hilo si jambo dogo, kwa sababu kitu huelea au huzama kutokana na densiti yake, yaani tungamo (kiasi cha maada) ikigawanywa kwa ujazo, wakati uzito ni nguvu ya kuvutwa chini. Kurekebisha neno moja kulinidai nirekodi upya sehemu nzima, mwanga ule ule, shati lile lile.

Lakini video ile ilikuwa na kitu kimoja ambacho sijakipata kwingine: sekunde 40 ambazo lori linapanda na maji yanaonekana yakipanda taratibu kwenye ubavu wa kivuko. Hakuna mchoro unaokionyesha kitu hicho vizuri kama jicho la kamera. Sekunde hizo nilizikata, nikazihifadhi peke yake bila sauti. Zilizobaki nilizifuta.

Kisha nikaandaa somo lile lile kwa slaidi zenye sauti. Picha tisa: michoro michache, picha halisi mbili, mishale. Juu ya kila picha, sauti yangu kwa sekunde 30 hadi 50. Sauti ya mtu anayezungumza inasikika vizuri hata kwa kilobiti 32 kwa sekunde. Dakika 6 za sauti hiyo ni kama MB 1.5. Pamoja na picha, somo zima halikufika MB 3. Unaona tofauti: lile la kwanza linamaliza bando la siku, hili linatumwa na bado mama anabaki na MB za kuongea na dada yake wa Sengerema.

Hapa ndipo usanifu unapoanza kuwa na maana, na hapa ndipo walimu wengi wanapokosea. Slaidi zenye sauti si PDF inayosomwa kwa sauti. Ukiandika sentensi kwenye slaidi kisha ukaisoma neno kwa neno, mwanafunzi anasoma kwa kasi yake huku masikio yakimvuta kwa kasi yako, na vyote viwili vinagombana. Acha picha ionekane, na maelezo yasikike.

Kuna hali moja inayotuhusu sana sisi. Mwanafunzi wa sekondari anafanya mtihani kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao wanaitumia darasani tu. Mayer mwenyewe anakubali kwamba kwa mtu anayejifunza kwa lugha isiyo yake, au anayekutana na istilahi ngeni, maneno machache kwenye skrini husaidia. Mimi naeleza kwa Kiswahili na kuandika istilahi ya Kiingereza, moja tu, pembeni kabisa ya kitu inachokitaja. Naisisitiza sehemu hiyo ya "pembeni kabisa". Ukiweka namba 1, 2, 3 kwenye mchoro na maelezo yake chini ya ukurasa, mtoto anapoteza nguvu kwa kupanda na kushuka kwa macho, na kwenye simu ndogo anasahau alikuwa anatafuta nini.

Jambo jingine lililonisaidia ni kufundisha majina kabla ya mchakato. Slaidi mbili za kwanza zinataja tungamo, ujazo na densiti tu, kwa mfano wa kopo la maji na kopo la mchanga. Hazitaji meli kabisa. Meli inapokuja, mwanafunzi hahangaiki tena na maneno, anahangaika na wazo.

Na wazo lenyewe nalipitisha kwa hesabu inayoonekana. Tuseme kivuko kina eneo la mita za mraba 200 pale kinapokutana na maji. Lori la tani 20 likipanda, kivuko lazima kisukume maji mengine ya tani 20, yaani mita za ujazo 20. Gawa 20 kwa 200, unapata mita 0.1. Kivuko kimeshuka sentimita 10. Slaidi ya kwanza inaonyesha kivuko kitupu, ya pili lori, ya tatu maji yaliyosukumwa, ya nne jibu. Baada ya slaidi hizo mwanafunzi anafungua zile sekunde 40 za video, na safari hii anajua aangalie wapi.

Ushauri mdogo wa kurekodi: saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, kwenye chumba chenye nguo nyingi zilizotundikwa. Chini ya bati tupu sauti inarudi. Na mvua ya Mwanza ikianza kupiga bati, acha, subiri iishe.

Mfano uliovutia na kupotosha

Toleo la kwanza la somo hili lilifunguliwa na picha ya MV Bukoba, meli iliyopinduka Mei 21, 1996 ikiwa safarini kuja Mwanza, na baada yake kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Nilidhani nimepata mlango mzuri wa kuingilia. Wanafunzi walisikiliza kwa makini kuliko siku zote. Nilipowauliza baadaye kwa nini chuma kinaelea, walinisimulia ajali.

Jambo hili linafahamika kwa wanaochunguza masomo ya medianuwai, yaani ya maneno na picha pamoja. Mwaka 1998 Shannon Harp na Mayer walionyesha kwamba habari za kusisimua zisizobeba wazo kuu la somo huwafanya wanafunzi waelewe kidogo zaidi. Kwangu kosa lilikuwa kubwa kuliko hilo. Vyombo vile vilipinduka, na kupinduka ni habari ya uthabiti, ya kitovu cha uzito kiko juu au chini na watu wamesimama wapi. Somo langu lilikuwa la densiti. Niliwapa wanafunzi wangu, ambao baadhi yao walifiwa na ndugu, mfano mzito wa somo jingine. Sasa ajali hizo nazizungumza kwenye mada ya uthabiti, uso kwa uso, kwa muda wa kutosha, na mtoto anayetaka kunyamaza ananyamaza.

Simulesheni

Kwa walimu wa sayansi, mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, unaotengeneza simulesheni, yaani majaribio ya kuigizwa kwenye kompyuta, ni hazina. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Simulesheni zake ni za bure, nyingi zinafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, unaweza kuzipakua ukazitumia bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Ya densiti inampa mwanafunzi vipande vya mbao, barafu, matofali na alumini na dimbwi la maji. Anabadili tungamo, anabadili ujazo, anaona kinachotokea.

Kile simulesheni inachokifanya, slaidi wala video haziwezi: mwanafunzi anakosea na maji yanamjibu papo hapo. Mwanafunzi mmoja wa Igombe, mtoto wa mvuvi, aliongeza ujazo bila kuongeza tungamo, akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe meli ni hewa iliyozungushiwa chuma." Sijawahi kulieleza vizuri hivyo.

Lakini msimwachie mtoto simulesheni peke yake. Niliwahi kutuma kiungo kwenye kundi na maneno "jaribuni hii". Walicheza, wakarusha vipande, wakarudi bila kitu. Kirschner, Sweller na Clark waliandika mwaka 2006 kwamba anayeanza kujifunza hafaidiki sana akiachwa agundue bila mwongozo, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Siku hizi kila simulesheni inakwenda na karatasi ya maswali matatu: utabiri kabla ya kugusa, jaribio lenyewe, na maelezo kwa maneno yako. Bila utabiri ulioandikwa, mtoto anajisemesha kwamba alijua tangu mwanzo.

Kikwazo chake ni kifaa. Simu ya zamani yenye kumbukumbu ndogo inakwama. Kama shule yenu ina kompyuta hata tano, simulesheni ifanyikie hapo, kwa zamu, wawili wawili.

Kipindi cha mubashara

Hapa sikai sana. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kumaliza karibu GB 1 kwa kila anayeshiriki, umeme ukikatika umekwisha, na asiyekuwepo saa hiyo hana cha kurudia. Kuutumia kwa kufundisha mada mpya ni kuwalipisha wazazi ghali kwa kitu ambacho rekodi inakifanya vizuri zaidi. Unafaa kwa maswali. Zimeni kamera zote, sauti peke yake hula makumi ya MB tu, fanyeni dakika 25, na watoto wawe wameshapitia slaidi. Uliza swali moja gumu, waache wabishane.

Kwa ufupi, ukiziweka ubavu kwa ubavu:

| Njia | Mzigo wa bando | Kurekebisha kosa | Inafaa zaidi kwa |
|---|---|---|---|
| Video | Mkubwa, MB 35 hadi 110 kwa dakika 10 | Vigumu | Kitu kinachosogea, kwa sekunde chache |
| Slaidi zenye sauti | Mdogo, chini ya MB 3 kwa dakika 6 | Rahisi, slaidi moja tu | Kueleza wazo hatua kwa hatua |
| Simulesheni | Kupakua mara moja | Unarekebisha karatasi ya maswali | Kujaribu na kukosea |
| Mubashara | Mkubwa ikiwa na video | Hapo hapo | Maswali na mabishano |

Wapo wanaouliza kuhusu miwani ya kuvaa machoni inayokuingiza ndani ya dunia ya kompyuta. Mwaka 2018 Jocelyn Parong na Mayer walilinganisha somo la sayansi kwa miwani hiyo na somo lile lile kwa slaidi. Waliovaa miwani walifurahia zaidi. Waliosoma kwa slaidi walijifunza zaidi. Shule ikipata fedha za miwani moja, mimi ningenunua kompyuta.

Somo likae wapi?

Kundi la WhatsApp ni rahisi kwa sababu kila mzazi analo tayari, lakini somo la Jumatatu linazikwa na salamu za Jumanne, na huwezi kujua nani amefika wapi. Moodle, mfumo wa kuendesha masomo mtandaoni ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, unapanga masomo kwa mfuatano, unaweka maswali katikati, na programu yake ya simu inaruhusu kupakua somo na kulisoma bila intaneti. Ila unahitaji seva, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyasambaza, na mtu wa kuitunza. Kwa chuo, au kwa shule yenye mwalimu wa TEHAMA aliyepewa muda, ni chaguo zuri. Kwa mwalimu mmoja anayejitegemea ni mzigo utakaomchosha kabla ya muhula kuisha.

Katikati ya hizo mbili ipo Kolibri, programu ya shirika la Learning Equality. Inakaa kwenye kompyuta moja ya shule, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, na wanafunzi wanaunganisha simu au kompyuta zao kwa Wi-Fi ya hapo hapo bila intaneti yoyote. Simulesheni za PhET zimo kwenye maktaba yake, na masomo yako mwenyewe unaweza kuyaweka. Kwa shule ya visiwani Ukerewe au ng'ambo ya Sengerema ambako mtandao unakuja na kuondoka, hii ningeipa nafasi ya kwanza.

Basi nichague lipi?

Kama una wikiendi moja na simu yako tu, andaa slaidi zenye sauti, dakika 6, ukizigawa vipande vitatu vya dakika mbili mbili ili mtoto aweze kusimama na kuendelea. Zitume kwa WhatsApp na namba ya mfuatano mbele ya jina la faili. Usifungue kamera.

Kama mada yako ina kitu kinachosogea ambacho maneno hayakifikii, kama moyo unavyosukuma damu au wimbi linavyovunjika kwenye mawe, ongeza video isiyozidi dakika moja. Iwe ni kitu chenyewe. Sura ya mwalimu haihitajiki pale.

Kama mnazo kompyuta chache shuleni, simulesheni ndiyo njia ya kuwekea jitihada, na karatasi ya maswali matatu ndiyo kazi yako kubwa. Kama hamna hata moja, wala usijisikie vibaya kuiacha.

Kwa wanafunzi wa chuo wenye simu zao na bando la mwezi mambo yanabadilika kidogo. Wao wanaweza kubeba Moodle na kipindi cha mubashara cha kila wiki, na video ya dakika 6 haitawaumiza. Hata hivyo usanifu ni ule ule: picha kwa macho, sauti kwa masikio, neno pembeni ya kitu chake.

Mimi kwa somo la kuelea sasa ninatuma hivi: Jumatatu slaidi mbili za majina, Jumatano slaidi za hesabu na sekunde 40 za kivuko, Ijumaa simulesheni kwenye chumba cha kompyuta. Jumamosi wanafanya kazi isiyohitaji simu kabisa. Mtoto anachukua beseni la maji, bakuli la bati na kokoto. Anaweka alama ya chaki pale maji yanapofika bakuli likiwa tupu, anaongeza kokoto kumi, anaweka alama nyingine, anaongeza kumi tena. Jumatatu wanakuja na mabakuli yao darasani, mengine yana alama tatu, mengine nne, na tunaanza kuuliza nani aliongeza kokoto ya mwisho na akaona nini.